Yah: Mvua Yangu Iliyofungiwa Kwenye Tanki la Ma Agnetha

Rutaihwa,
Mpima Mvua Mstaafu,
Kitongoji cha Nyakashozi,
Kaagya, Bukoba Vijijini.

Jumatano, 23 Aprili

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kijiji,
Mzee Ishengoma,
Ofisini, au shambani kwako, popote barua itakapokukuta.

YAH: OMBI LA KULIFUNGA TANKI LA MAJI YA MVUA LA JIRANI YANGU, AMBALO LIMEMWONDOA MKE WANGU NYUMBANI

Ndugu Mwenyekiti,

Kichwa cha habari hapo juu kinajieleza. Lakini nakufahamu, waitu, ndugu yangu. Huwa unasoma kichwa cha habari, unasema "Rutaihwa tena", kisha barua unaiwekea kikombe cha chai juu yake. Naomba safari hii uisome mpaka mwisho. Hii si ile barua ya mbwa wa Boniface, wala si ile ya spika za harusi. Hii inamhusu mke wangu.

Kwa ajili ya kumbukumbu za ofisi, mimi nilikuwa mpima mvua wa kituo cha kahawa kwa miaka thelathini na moja. Kila siku saa tatu asubuhi nilikwenda kwenye kipima mvua, nikamimina maji kwenye kioo chenye mistari, nikasoma milimita, nikaandika daftarini, nikamwaga. Sikukosa hata siku ya harusi yangu, na mashahidi wapo. Nilipostaafu walinipa kipima mvua kikuukuu, na mpaka leo kimesimama uani kwangu na ninakisoma saa tatu kamili. Katika kata hii hakuna anayeijua mvua kunishinda. Kwa hiyo nikisema mvua imeibiwa, ofisi isinicheke.

Jambo lenyewe ni hili. Mke wangu Penina yuko Kahororo, kule mjini, kwa binti yetu Violeth, tangu tarehe 4 Machi. Aliondoka hapa na mkono uliovunjika. Mkono umepona, plasta imetolewa wiki iliyopita, na bado hajarudi. Chanzo chake ni tanki la Bi. Agnetha Kahangwa, mjane, jirani yangu wa upande wa magharibi, ambaye sote tunamwita Ma Agnetha. Naomba tanki hilo lishughulikiwe ili mke wangu arudi nyumbani. Malalamiko yangu nayapanga kwa namba, kama nilivyozoea kazini.

1. Kuhusu mwenye mvua. Mawingu yetu yanatoka ziwani, mashariki. Nyumba yangu iko mashariki ya nyumba ya Ma Agnetha kwa hatua arobaini na tano, nimezipima. Kwa hiyo kila wingu linalofika kwake limepita kwanza juu ya paa langu, na mara nyingi mimi ndiye niliyelitangaza. Marehemu baba yangu alikuwa akisema kwamba mnyama akipita kwenye kibanja chako akaenda kuuawa kwa jirani, jirani mwenye adabu anakuletea paja. Tangu Agosti mwaka jana Ma Agnetha anachinja mawingu yaliyopita kwangu, na sijaona paja. Nilipompelekea dai hili, hakuona haya hata kidogo. Alinijibu kwamba nije na ndoo kila asubuhi nichote nitakavyo. Mheshimiwa, huo si mgawo. Huo ni msaada, na mimi sikuomba msaada.

2. Kuhusu tanki lenyewe. Ni la saruji, la lita elfu kumi, limejengwa na fundi Karugendo wa Muleba kwa michango ya kikundi chao cha akina mama. Paa lote la Ma Agnetha limezungushiwa magata, magata yanaingia kwenye bomba, bomba linaingia tankini, na mdomoni wameweka wavu wa kuzuia majani na mbu. Chini kuna koki. Koki ina kufuli, na kufuli halifungwi, jambo ambalo naliona ni majivuno.

Kibaya zaidi, mvua ya kwanza ya msimu haikubali. Analigeuza bomba pembeni, anaiacha ioshe vumbi la paa na mavi ya ndege, na ikishakuwa safi ndipo anairuhusu kuingia. Yeye ni nani hata achague mvua? Mimi kwa miaka thelathini na moja nimepokea kila mvua sawasawa, chafu na safi, kubwa na ndogo. Nimeiandika kwa heshima yake na kuimwaga.

Halafu kuna sauti. Zamani mvua ikinyesha tulisikia mabati tu, na mabati ya kila mtu yalipiga kelele sawa. Siku hizi, mvua ikikatika na mabati yakinyamaza, kwake bado inasikika ikiingia tankini polepole. Mtu mzima unalala kitandani unasikiliza akiba ya mwenzako inavyoongezeka.

3. Kuhusu ushahidi wa wizi. Tangu tanki lijengwe, kipima mvua changu kinasoma kiasi kilekile cha miaka yote. Hakuna hata milimita moja iliyopungua. Hii inaonyesha kwamba anaiba kwa utaalamu wa hali ya juu.

4. Kuhusu kuwadharau wahenga. Walisema maji yakimwagika hayazoleki. Ma Agnetha anayazoa. Yanamwagika kutoka juu kabisa, yeye anayazoa yote, tena anayafulia mashuka. Tukiruhusu methali moja ivunjwe hadharani namna hii, kesho vijana watakuja kutuuliza kuhusu nyingine, na wewe na mimi, Ta Ishengoma, tutabaki na nini cha kuwaambia?

5. Kuhusu mboga na mbuzi. Januari na Februari jua liliwaka mpaka migomba ikakunja majani. Bustani zetu zote zilikauka, kama ilivyo kawaida, na tulikauka pamoja kwa amani. Kwa Ma Agnetha kulikuwa na kabichi. Alikuwa na nyanya, alikuwa na mchicha unaofika magotini, na miche yake ya kahawa ilikuwa imesimama kama wanafunzi mstarini. Maji aliyonawia aliyamwagia mchicha, maji aliyooshea vyombo akayapeleka kwenye migomba. Hata kosa la kumwaga maji ovyo sikumkuta nalo, na nililitafuta.

Mbuzi wangu jike alipita kwenye ua wa miti ya milamula akaingia kule. Nilikwenda kumdai. Alinitazama huku anatafuna, akageuka. Mpaka leo nikimrudisha asubuhi, jioni yuko kwa Ma Agnetha. Nataka ofisi ielewe vizuri hali yangu: katika mwaka mmoja nimekimbiwa na mbuzi na mke, na wote wawili walianza kwa kupitia tundu lilelile la ua.

6. Kuhusu ndoa za kesho. Hili ni zito na linaihusu serikali. Mimi Penina nilimpata chemchemini, kule bondeni Kyabwato. Alikuwa na mtungi kichwani na alikuwa anapanda kilima bila kuushika, anaongea na wenzake, na tone halikudondoka. Nikajifanya nina kiu. Akashusha mtungi, akanipa maji kwa kata, akasubiri ninywe, akaniacha nimebeba shukrani zangu zote, akautwaa tena mtungi wake akaenda. Nilikunywa kata tatu siku ile na sikuwa na kiu hata kidogo.

Sasa nakuuliza. Kila nyumba ikiwa na koki yake, binti gani atapanda kile kilima? Kijana atajifanya ana kiu mbele ya nani? Mabinti wa kikundi cha Ma Agnetha siku hizi saa za maji wanasoma vitabu. Baada ya miaka ishirini hakutakuwa na harusi, baada ya arobaini hakutakuwa na watoto, na baada ya sitini hakutakuwa na kijiji, na wewe utakuwa mwenyekiti wa matanki.

7. Kuhusu ushauri wa kisheria. Ili nisionekane mtu wa fitina, nilisafiri mpaka Muleba kwa shemeji yangu Rwekaza, kaka yake Penina, aliyekuwa karani wa mahakama. Nilimweleza yote. Alinisikiliza vizuri, akanipa kahawa ya kutafuna kama inavyompasa mgeni, kisha akanichukua nyuma ya nyumba kunionyesha kitu. Kilikuwa tanki. Akasema sheria inayozuia mtu kukinga mvua ya paa lake yeye hajawahi kuiona, na kwamba mwanamume anayefunga safari ya Muleba kuitafuta angeitumia nauli hiyo kununua koki. Nimeondoa jina lake kwenye orodha ya mashahidi wangu. Nasikia hata ofisi yako ina tanki nyuma ya jengo. Hilo nimeamua kutoliona.

8. Kuhusu magata ya Violeth. Hapa naomba unisome kwa utulivu, maana watu wanaisimulia habari hii vibaya.

Oktoba mwaka jana Violeth alikuja, akaliona tanki la Ma Agnetha, akamwona mama yake akipanda kutoka Kyabwato, akarudi Kahororo. Wiki iliyofuata gari lilileta magata sita ya bati na tanki jeusi la plastiki la lita elfu mbili. Dereva alisema ni ya maji ya mvua. Nilishukuru. Lakini kumbuka ulikuwa mwezi gani. Novemba ilikuwa mlangoni na senene, panzi wetu wa kukaanga, walikuwa njiani. Wewe ni Mhaya mwenzangu. Mtu akuletee mabati yanayong'aa, mapya, siku kumi kabla ya senene, wewe ungewaza maji?

Nikapanga mabati yangu uani, nikafunga taa ya kuwavuta senene wagonge bati wateleze, nikayaelekeza magata yote sita kwenye lile tanki. Kwa kuwa mdomo wa tanki ulikuwa mdogo kwa kazi hiyo, niliukata kwa msumeno. Nilifikiri hivi: gata ni kitu cha kupokea kinachotoka juu na kukipeleka chomboni, na hakuna mahali palipoandikwa kitu hicho ni kipi. Mwaka ule senene walipita kwa juu, wakaenda kutua kwingine. Nilipata nusu kopo la sado.

Penina aliwanyonyoa mabawa na miguu, akawakaanga, akaniletea sahani mezani. Zamani mke akimwandalia mume senene, mume alimpa nguo mpya. Mimi nilisema tu wamepungua chumvi. Akachukua ndoo yake akashuka Kyabwato. Magata yakabaki uani chini ya migomba, na tanki likabaki bila kichwa.

Utaniuliza kwa nini baada ya senene sikuyafunga kwenye paa. Sababu ni Ma Agnetha. Angekuwa hana tanki, ningelifunga langu siku hiyohiyo na kuwa wa kwanza kitongojini. Lakini alishatangulia. Mimi, mpima mvua, nionekane nimeigilizia mvua kwa mwanamke ambaye hajui hata milimita ni nini? Kwa hiyo unaona mwenyewe nani alizuia maji yasifike nyumbani kwangu.

9. Kuhusu tarehe 4 Machi. Siku hiyo mvua ilianza alfajiri. Saa tatu kamili nilikuwa kwenye kipima mvua changu, nimejifunika nailoni. Milimita arobaini na saba. Nilifurahi, maana tangu Desemba sikuwa nimesoma namba kama hiyo. Nikaingia ndani kumwambia Penina. Hakuwepo. Ndoo nayo haikuwepo.

Naomba ofisi ijue kwamba mimi nilikuwa nimemkataza kuchota kwa Ma Agnetha. Nilimkataza mbele ya watu, tangu Septemba. Nilisema watu watadhani nyumba ya Rutaihwa imeshindwa. Yeye hakubishana. Lile tundu la ua aliacha kulipita, mbuzi peke yake ndiye aliyeendelea. Kwa hiyo siku ile, tanki la jirani likiwa limejaa mpaka linamwaga, yeye alishuka Kyabwato. Aliteleza akipanda. Alianguka akiwa amebeba maji, mvuani.

Aliyemsikia ni Ma Agnetha. Aliyemwinua ni Ma Agnetha, na aliyetafuta gari la kumpeleka hospitali mjini ni Ma Agnetha. Mimi nilifika na daftari mkononi. Sikujua kama ninalo mpaka nilipotaka kumshika Penina mkono, nikakosa mkono wa kumshikia.

Ndiyo maana nasema tanki ndilo lenye kosa. Tanki lisingekuwepo, nisingekuwa na cha kumkataza. Nimelipitia jambo hili usiku na mchana, na kila nikilipitia natafuta lilipoanzia, na kila mara nalipata tanki, kwa sababu nikiliondoa tanki nabaki mimi.

Nilikwenda Kahororo Jumapili baada ya ibada, na mkungu wa ndizi na kahawa. Nilikaa sebuleni kwa Violeth kutwa nzima. Nilimweleza Penina kwamba chemchemi ina maji mengi msimu huu na kwamba nimesoma milimita mia mbili na themanini kwa mwezi. Alinisikiliza. Kisha akasema, taratibu kabisa, "Baba Violeth, wewe umeipima mvua. Mimi nimeibeba."

Nikaaga, nikarudi.

10. Kuhusu hali yangu ya sasa na hesabu niliyolazimishwa kuifanya. Tangu Penina aondoke najichotea maji mwenyewe. Kwenda Kyabwato ni hatua mia sita na arobaini. Kurudi ni hatua hizohizo, na nani aliyeziongeza sijui, kwa sababu kurudi hazifanani na za kwenda. Nilidhani nyumba inatumia ndoo mbili kwa siku. Nyumba ya mtu mmoja, Mheshimiwa, bila kufua, bila kumnywesha mbuzi aliyenikimbia, inatumia tatu. Akina mama njiani wananipisha na kunipa pole kwa sauti ya upole kabisa, ambayo ni mbaya kuliko kicheko.

Jumatatu nilikaa kwenye jiwe katikati ya kilima, na kwa kuwa nilikuwa na kalamu nikapiga hesabu. Nyumba yetu ya bati ina miaka thelathini na sita. Tuseme Penina alibeba ndoo nne kwa siku, ingawa watoto walipokuwa wadogo zilikuwa zaidi. Ni ndoo elfu hamsini na mbili, mia tano na sitini. Ni lita zaidi ya milioni moja, juu ya shingo ya mtu mmoja, kwenye kile kilima.

Kisha nikapiga upande wa pili. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Hilo nimelijua tangu siku yangu ya kwanza kazini, na nimewafundisha vijana waliokuja kujifunza kituoni. Paa langu lina mita tisa kwa saba. Mvua yetu ni kama milimita elfu mbili kwa mwaka. Katika miaka hiyo thelathini na sita, paa langu mwenyewe limemwaga chini lita milioni nne na nusu. Zaidi ya mara nne ya maji yote aliyoyabeba yalianguka mlangoni kwake, yakachimba mfereji, yakateremka Kyabwato, na yeye akayafuata huko na ndoo.

Tarehe 4 Machi peke yake, milimita arobaini na saba, paa lilimwaga lita elfu mbili mia tisa sitini na moja. Yeye alikuwa amefuata lita ishirini.

Nimerudia hesabu mara tatu nikitafuta kosa. Miaka yote daftari lilikuwa langu, na hesabu hii ya darasa la tano sikuwahi kuipiga. Kama Ma Agnetha asingejenga tanki lake, nisingeipiga mpaka nife, na ningekufa nikiwa mtu mwenye amani. Hili ndilo lalamiko langu kubwa dhidi yake.

Kwa hayo yote, naomba ofisi yako ifanye yafuatayo. Kwanza, Ma Agnetha aamriwe kugeuza bomba lake pembeni kila mvua inaponyesha, siyo ya kwanza tu. Ikishindikana, paa lake liezuliwe mabati liezekwe nyasi, ambazo hazina tamaa. Ikishindikana hilo pia, nyumba yake ihamishiwe mashariki ya nyumba yangu, ili mawingu yapite kwake kwanza na mimi niwe wa kuletewa paja kwa halali. Na kama hata hilo ni zito, basi naomba barua moja tu yenye mhuri iende kwa Penina, Kahororo, imjulishe kwamba hakuna tena tanki popote Nyakashozi, kwa hiyo hakuna cha kunilinganisha nacho, na anaweza kurudi.

Mhuri uonekane vizuri. Penina haamini karatasi isiyo na mhuri.

Nikifunga, nawasalimu wote wa ofisini: Mtendaji, akina baba wa kamati, na yule binti anayepokea barua na kuzipoteza. Msalimie Ma Yuster wa nyumbani kwako, na mguu wake. Msalimie Boniface, na mbwa wake, sina kinyongo naye tena. Wasalimie wanakwaya wote. Wenye matanki wasalimie nusu.

Mimi niliye wako katika kuijenga Nyakashozi bila saruji ya mtu,

Rutaihwa
Mpima Mvua Mstaafu

Nakala: Mchungaji, kwa maombi. Rwekaza, Muleba, asome aone haya.

Nyongeza, Jumamosi jioni:

Barua hii niliimaliza Jumatano, lakini sikuwa na bahasha, na mwenye bahasha kitongoji hiki ni Ma Agnetha peke yake, kwa kuwa ni katibu wa kikundi. Aliniuliza ni ya nini. Mimi ni Mlutheri, sikuweza kudanganya. Akaniomba aisome. Alicheka mpaka akakaa chini, na pale kwenye mbuzi alijifuta machozi kwa khanga. Alipofika namba tisa akaacha kucheka. Namba kumi aliisoma mara mbili. Akaikunja barua, akanipa bahasha, kisha akaniletea ngazi.

Karugendo alikuja jana kutoka Muleba. Magata ya Violeth yote sita yako kwenye paa. Lile tanki nililolikata kichwa amelifunika kwa mabati yangu ya senene, akaweka na wavu. Mvua ilianza leo saa nane mchana. Tuligeuza bomba pembeni, tukaiacha ioshe paa, kisha tukairuhusu kuingia. Saa tisa na nusu tanki lilikuwa limejaa. Ilinyesha milimita ngapi sijui. Kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe sina namba ya kuandika, maana nilipokuwa nimeishika ngazi mbuzi alikiangusha kipima mvua. Alikuwa amerudi nyumbani, na nilimwacha.

Kwa hiyo malalamiko namba moja mpaka kumi nayafuta yote. La mapaja ya mawingu unaweza kulitunza kwa vizazi vijavyo.

Nasikia Jumatatu unakwenda mjini kwenye kikao. Pamoja na barua hii utakuta chupa ya maji. Ningeipeleka mwenyewe lakini naona aibu, Ta Ishengoma, na huo ndio ukweli. Tafadhali pitia Kahororo umpe Penina mkononi. Usimsomee barua. Mwambie tu kwamba maji haya ni ya paa lake, na hayakubebwa na mtu.

Chupa naomba irudi. Ni ya Ma Agnetha.